Muulize Mama wa Ziwa: Basini tatu na nusu, midomo minane

Mfuko wa barua wa mwezi huu umenuka samaki. Karibu barua zote zimetoka kando ya ziwa Kivu, kuanzia kisiwa cha Ijwi hadi Goma, na kila moja inauliza kwa namna yake: sambaza, wale samaki wetu wadogo kama dagaa, wameenda wapi? Nimechukua tano. Ambaye hajaona yake asinune, zimebaki mezani kwangu na zitapata zamu.

Kwa wanaofungua ukurasa huu mara ya kwanza: mimi nimeuza sambaza miaka 31, kwanza ufukoni Birava, kisha Kadutu, na sasa Feu Vert hapa Bukavu. Sikusoma samaki shuleni. Nimewajua kwa mkono, basini baada ya basini, yaani beseni tunalopimia samaki. Yale ya chini ya maji, ambayo mkono haufiki, nimeyauliza kwa walimu wa ISP Bukavu, chuo cha ualimu, wanaofundisha mambo ya maji na viumbe vyake, na nimeyauliza mara nyingi hadi nikayaelewa.

«Mama, jambo sana. Mimi ni kapita, yaani mkubwa, wa ekipe ya wavuvi huku Kalehe, tuko watu wanane. Mwaka 2009, nilipoanza na pirogi zangu, usiku ukiwa mzuri tulirudi na basini 12. Wiki iliyopita tumetoka mara nne, na zote nne zimetupa basini tatu na nusu. Batri ya taa, chakula cha vijana, kushona wavu, yote ni deni. Wazee wanasema ziwa limefungwa na watu wabaya. Vijana wanasema ni mtambo wa gesi wa Rwanda unaofukuza samaki. Mchungaji anasema ni dhambi zetu. Niambie ukweli hata ukiwa mchungu. Baba wa sita, Kalehe.»

Papa, salamu kwako na kwa vijana wako. Barua yako nimeisoma mara tatu, mara ya tatu kwa sauti ili mume wangu naye asikie. Naijua hesabu yako, ila mimi naijua kutoka nchi kavu. Nilikuwa yule mama aliyesimama ufukoni saa kumi na mbili asubuhi, kikwembe kimefungwa kiunoni, basini tupu mkononi, akisikiliza. Ekipe ikirudi na samaki inaimba, tangu mbali unajua leo kuna kazi. Ikirudi bila kitu unasikia makasia tu. Siku hizi nikishuka Birava nasikia makasia.

Nianze na gesi, maana swali hilo limo pia katika barua nyingine ambazo sikuzichapa. Ziwa letu lina kina cha karibu mita 480, lakini samaki hana nafasi yote hiyo. Hewa anayopumua majini inaishia kwenye mita 60 au 70, na msimu wa mvua haifiki hata hapo. Chini ya mpaka huo ni gesi na chumvi, hakuna samaki anayeweza kuishi. Ule mtambo wa Kibuye, unaotoa umeme tangu 2016, unavuta maji kutoka karibu mita 350, na ukishatoa gesi unayarudisha chini sana, mbali na wanakoishi sambaza. Sambaza hajawahi kufika huko hata siku moja. Gesi ya Kivu si jambo la kuchezea, na sisi tunaolala kando yake tuna haki ya kuuliza inachimbwa vipi. Lakini basini zako hazikumezwa na bomba.

Na watu wabaya? Papa, hapo nakuomba uwaulize wazee wako swali moja: sambaza alikuja lini? Kabla ya mwisho wa miaka ya 1950 hapakuwa na sambaza hata mmoja katika Kivu. Wabelgiji ndio waliowaleta kutoka ziwa Tanganyika kati ya 1958 na 1960, vifaranga zaidi ya 50,000, sambaza na ndagala, samaki mwingine mdogo wa kule, wakiwa pamoja. Ndagala hakushika. Sambaza akashika, kwa sababu katikati ya ziwa kulikuwa na chakula tele, vile vijidudu vidogo vinavyoelea, na hakuna samaki wa hapa aliyekuwa akivila. Mama yangu alinihadithia kwamba alipokuwa msichana, watu wa Birava walikula tilapia na samaki wa kwenye mawe, na katikati ya maji palikuwa njia ya kwendea Ijwi tu, si mahali pa kuvulia. Uvuvi wa taa na wavu wa kuinua, pirogi tatu zilizofungwa kwa miti mirefu ya mikaratusi, umeenea hapa kwetu katika miaka ya 1980. Kazi unayoifanya ni changa kuliko mimi. Hakuna babu aliyewahi kuifungua, basi hakuna anayeweza kuifunga.

Sasa huo uchungu ulioniomba.

Wataalamu waliwahi kupima sambaza wa ziwa zima kwa chombo kinachotuma sauti majini na kusikiliza mwangwi wake. Walipima miaka ya 1980, wakarudi kupima 2008, wakakuta wingi wa samaki haujabadilika sana. Nilipoelezwa hivyo nilikasirika, nikasema hawa hawajawahi kusimama ufukoni. Ilinichukua siku nyingi kuelewa. Ugali ni ule ule, mikono ndiyo imeongezeka sahanini. Mwaka 1995, nikisimama usiku juu ya kilima cha kwetu, nilihesabu taa tisa majini. Desemba iliyopita nilisimama pale pale, nikafika 41, na nyingine zilikuwa nyuma ya rasi sizioni. Vita viliwatoa watu mashambani kwenye milima, wakashuka majini, kwa kuwa ziwa halina mwenye shamba wa kukufukuza. Siwalaumu. Hata mume wangu alishuka hivyo hivyo. Ila ekipe 41 haziwezi kurudi kila moja na kile walichokipata wale tisa.

Na tangu kile kipimo cha 2008 kuna jambo jingine ambalo nimeliona kwa mkono wangu, na ndilo linaloninyima usingizi. Nilipoanza, nikimlaza sambaza kwenye kiganja, kichwa kikiwa kwenye kifundo cha mkono, mkia wake uligusa mwanzo wa vidole. Leo nalaza wawili wakifuatana na nafasi inabaki. Sambaza anaishi maisha mafupi, mwaka mmoja na kidogo tu. Anataga karibu na ufuko, na watoto wake wanakaa huko huko kwenye maji ya pembeni, kwenye mchanga na matete, mpaka wapate nguvu ya kwenda katikati ambako taa yako inawangoja. Anayevutwa ufukoni mwezi wa tatu angali mdogo kama sindano ndiye huyo huyo unayemtafuta mwezi wa kumi ukiwa na deni la batri. Ziwa halina akiba nyingine iliyofichwa mahali.

Sisi wa mjini nasi tunahusika. Hapa Bukavu watu wanajaza udongo ziwani ili wapate kiwanja, matete yanakatwa, mvua ikinyesha matope ya vilima yanashuka mekundu hadi ndani, na chupa za plastiki zinaelea mpaka mlango wa Ruzizi na kuziba mitambo ya umeme. Kila mita ya ufuko tunayoifukia ni kitanda cha mtoto wa sambaza.

Ufanye nini? Kwanza, usinunue wavu wenye macho madogo zaidi. Najua kapita wa jirani amenunua, najua wiki ya kwanza atakucheka. Pili, maisha mafupi ya sambaza ndiyo nafuu yetu: tilapia ukimmaliza unangoja miaka, sambaza ukimwacha apumue anarudi haraka. Ndiyo maana Rwanda kila mwaka hufunga uvuvi wake wa Kivu kwa takriban miezi miwili, kwa kawaida kati ya Agosti na Oktoba. Kule Tanganyika nchi nne zinazolizunguka ziwa zimekubaliana juu ya kufunga miezi mitatu, na Tanzania ilifunga upande wake kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024. Samaki hana mpaka. Mvuvi mmoja wa Rusizi, upande wa Rwanda, aliniambia kwamba wakati wao wamefungiwa, anakaa mlangoni kwake usiku na kuona taa zetu zinawaka ng'ambo. Sikuwa na neno la kumjibu.

Naamini tufunge pamoja nao, siku zile zile. Lakini naandika haya nikijua kwamba kumwambia mtu wa basini tatu na nusu afunge miezi miwili bila kumwambia atakula nini ni ukatili. Hapo ndipo kapita mnatakiwa mkae, nyote wa ghuba yenu, kabla kiangazi hakijafika. Muwe na muso yenu, kikundi cha kuweka akiba, basini moja ya kila wiki iende humo kuanzia Januari. Na mchague hata ghuba moja tu ndogo, ile yenye matete, ambayo hakuna atakayeigusa mwaka mzima, wala ekipe, wala wavu wa kuvuta, wala mtoto wa chefu. Mkiweza hiyo moja, niandikie tena.

Mchungaji wako simpingi. Ila dhambi hiyo aitaje kwa jina lake Jumapili, macho ya wavu, ili watu wajue watubu nini.

«Mama, mimi ni mjane wa Ijwi kusini, nina watoto wanne. Asubuhi mimi na mama wawili tunavuta chandarua pembeni ya maji, tunapata sahani mbili tatu za vidogo. Mwezi uliopita walikuja watu wa ukaguzi, wakachukua chandarua, wakasema nisipotoa franga nitafungwa. Nilikopa nikatoa. Hawakunipa karatasi. Wiki hiyo hiyo nilipata chandarua kingine nikarudi majini, maana watoto hawajui ukaguzi. Nasikia kwenye radio kwamba sisi ndio tunaoua ziwa. Ni kweli mimi ninaua ziwa? Mjane wa Ijwi.»

Mama mwenzangu, acha nikueleze kitu ambacho sijawahi kukiandika.

Wakati wa vita vya 1998 njia zilikuwa zimefungwa, soko la Kadutu lilikuwa tupu, nami nilikuwa na watoto watano na mume aliyekimbilia msituni. Nilinunua vyandarua sita. Nikampelekea fundi wa cherehani, akaviunga vikawa kitu kimoja kirefu kama ukuta wa kanisa. Nikawapelekea mama wa Birava kwa masharti kwamba watakachovuta waniuzie mimi peke yangu. Siku ya kwanza waliniletea basini iliyojaa. Nilipotia mkono ilikuwa kama kutia mkono kwenye uji uliopoa. Kila kimoja kilikuwa cheupe kama kioo, unaona macho mawili meusi na uzi wa fedha tumboni, basi. Nilichota kijiko kimoja cha chakula nikamwaga juu ya jani la ndizi, nikahesabu. Walikuwa 79. Kijiko kimoja.

Hakuna aliyenunua. Niliwaanika, wakakauka wakawa kama makapi, nikawauza kwa mtu wa kuku. Na nikaendelea hivyo miezi saba, mama, nikijua, kwa sababu watoto walikula. Mwaka uliofuata ekipe za Birava zilirudi zikisikika makasia.

Kwa hiyo sitakudanganya kwamba mkono wako hauna uzito. Unao. Lakini aliyekuambia kwamba ni wewe unayeua ziwa amesema nusu ya neno na kuificha nusu kubwa. Yuko anayeuza vyandarua kwa gunia. Yuko mfanyabiashara anayewangoja juu ya mchanga na makuta mkononi, kama nilivyowangoja mimi. Yuko mwenye kiwanja aliyefukia matete. Hao radio haiwataji, kwa kuwa hawaonekani wakiwa wamelowa hadi kiunoni saa moja asubuhi. Na wale waliochukua franga zako bila karatasi hawakulinda hata samaki mmoja. Sheria inakataza wavu wa chandarua, na naiunga mkono, lakini faini isiyo na karatasi ni wizi. Wakirudi, msiwe mmoja mmoja. Nendeni mama wote pamoja mbele ya chefu wa kijiji, na mdai karatasi yenye jina na muhuri.

Sasa chandarua chenyewe. Kikiwa kipya kimelowekwa dawa ya kuua mbu, na dawa hiyo ni sumu kali kwa samaki na kwa vijidudu ambavyo samaki wanakula. Unavuta watoto wa sambaza na huku unatia sumu kwenye sahani yao. Na je, watoto wako wanne wanalala chini ya nini? Kule Ijwi kandokando ya maji mbu hawana huruma. Kirudishe chandarua juu ya kitanda usiku huu.

Kuhusu chakula, nina njia moja tu ya kukupa, kwa kuwa ndiyo niliyoipita mwenyewe. Acheni kuvuta, mkaushe. Nyinyi watatu nendeni kwa kapita mnayemfahamu, mwombe basini moja kwa mkopo wa siku tatu. Msiwaanike samaki chini. Sambaza aliyeanikwa mchangani anaingia mchanga, mnunuzi wa Bukavu anamwuma mara moja na kumrudisha. Tengenezeni kichanja cha miti, kimo cha kiuno, mtandaze juu yake wavu wa zamani wa ekipe uliochakaa (si chandarua, kwa ajili ya ile dawa). Waosheni kwa maji yenye chumvi, muwatandaze mmoja mmoja wasilaliane, muwageuze mchana, na mvua ikitishia muwakunje wote na wavu wao kama mkeka. Jua likiwa zuri siku mbili zinatosha. Sambaza mkavu asiye na mchanga namchukua mimi, Feu Vert, kwa bei nzuri kuliko wa mchangani, na si mimi peke yangu. Haitakuwa sahani tatu kila asubuhi kama sasa. Mwezi wa kwanza utakuwa mgumu. Lakini gazeti lina jina langu na boti ya Ijwi inajua meza yangu.

«Yaya, mimi ni kijana wa Minova. Mama mmoja wa mjini alinipa wavu, taa na batri kwa mkopo. Tulikubaliana nimuuzie yeye tu mpaka nimalize. Imepita miaka miwili. Bei anaipanga yeye, na deni kila nikiuliza anasema bado. Sasa ananiambia nitoke hata mbalamwezi ikiwa kubwa, na samaki hawaji. Nifanye nini?»

Mdogo wangu, nimekuwa huyo mama. Si yeye, lakini mfano wake, kwa vijana wawili. Najua anavyofanya hesabu, na najua kwa nini deni haliishi: limeandikwa kichwani mwake na si kwenye daftari. Basini ya sokoni anaihesabu kwa bei ya soko, basini yako anaihesabu kwa bei yake, tofauti inaingia mfukoni, na deni linabaki limekaa pale pale kama jiwe.

Nenda na daftari mbili na shahidi mmoja ambaye nyote mnamheshimu. Muandike bei ya wavu, bei ya taa, bei ya batri siku ulipozipokea. Muandike basini zote ulizompa, hata kwa kukadiria. Muandike tarehe ya mwisho. Akikataa kuandika, hapo umeshajua kwamba deni lilikwisha zamani, na mbele ya wazee wa ufuko utakuwa na neno la kusema.

Kuhusu mbalamwezi una haki. Taa yako inavuta vijidudu, vijidudu vinavuta sambaza. Mwezi ukiwa mpevu mwanga uko kila mahali, sambaza hana sababu ya kuja kwako. Tangu zamani siku hizo ni za kushona nyavu na kulala. Anayekulazimisha utoke siku hizo hajawahi kukaa kwenye pirogi. Na angalia jambo hili: mwenye deni akikosa samaki wakubwa ndipo anaposhona ndani ya wavu wake kipande chenye macho madogo. Nimeona wengi. Deni ndilo linalokaza macho ya wavu. Usikubali.

«Shikamoo Mama. Mimi ni mwanafunzi, Nguba. Kwenye sambaza tunazonunua nakuta samaki mwembamba, mrefu kidogo, mwenye madoa ya buluu yanayong'aa. Babu anasema zamani hakuwepo. Ni nani?»

Marahaba, mwanangu. Babu yako ana macho mazuri. Huyo naye ametoka Tanganyika, na alionekana Kivu mara ya kwanza 2006. Wataalamu wanamwita Lamprichthys tanganicanus, na wavuvi wa Rwanda wanamwita Rwanda Rushya. Anataga kwenye nyufa za mawe, na ufuko wetu umejaa mawe, basi ameenea haraka. Anakula vijidudu vile vile vya sambaza, na hilo ndilo linalonitia wasiwasi. Analiwa vizuri, ukimkaanga mpaka akauke. Kama unapenda mambo haya, panda siku moja hadi ISP ukaulize, wana makabati ya vitabu na samaki kwenye chupa, na hawakumfukuza muuza samaki mwenye vumbi miguuni, hawatakufukuza wewe.

«Mama, naandika kutoka Himbi, Goma. Pale Kituku wanauza vidogo sana, laini, bei ni ndogo. Nawasaga kwenye uji wa mtoto wangu wa mwaka mmoja, anawapenda. Nimesikia hawafai kuvuliwa. Lakini mtoto wangu ndiye ananihusu kwanza. Nisinunue?»

Dada, mtoto wako ananihusu na mimi. Mwendelee na sambaza kwenye uji, ni chakula chema, analiwa mzima pamoja na mifupa yake, na mifupa hiyo ndiyo inayomjenga mtoto. Ila si lazima awe kichanga. Chukua sambaza aliyekomaa, mkaushe au mnunue mkavu asiye na mchanga, mkaange kidogo bila mafuta mpaka akatike kwa vidole, umtwange kwenye kinu na umchekeche kwa chujio la chai. Unga huo ukae kwenye chupa iliyofungwa vizuri, kijiko kimoja kwenye uji. Kwa kilo ile ile utapata unga mwingi zaidi, kwa kuwa vile vidogo ni maji matupu, ukivianika vinabaki kiganja.

Na ukiwa Kituku, tumia kidole chako cha mwisho. Mlaze sambaza kando yake mbele ya muuzaji. Akiwa mfupi kuliko kidole, mrudishe kwenye basini, useme kwa sauti ambayo na mama wa meza ya pili ataisikia: «Niletee aliyekomaa, nitaongeza franga.» Kisha uongeze kweli. Feu Vert tumeanza hivyo tangu Pasaka, meza nne tu, na kapita mmoja wa Birava ameshaniuliza kwa nini basini yake ya vidogo inarudi nyumbani imejaa.